Niliimba na mashine miaka tisa, na sikio likajifunza

Wakuu, sasa. Poleni na kazi.

Mimi huwa msomaji tu hapa. Nakuja, nasoma story zenu, nacheka, naenda. Leo acha niseme yangu. Sijaongeza chumvi, na mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi ni mama wa Mugutha, huku Ruiru, na kazi nafanya Thika kwa kiwanda cha kufuma vitambaa. Jina la kiwanda naliacha, hawana makosa yoyote kwa hii story. Makosa ni yangu.

Kitu ya kwanza mjue, mimi ni alto, ile sauti ya chini ya wanawake kwa kwaya. Si ati naimba alto. Mimi NI alto. Huku mtaani mama huitwa na jina la mtoto, lakini mimi nina watoto wawili na bado watu wananiita Mama Alto, hata yule wa mboga. Cucu, nyanya yangu, aliimba alto kanisani, mamangu akaimba alto, na nikiwa mdogo nilikuwa nadhani alto ni kitu unarithi kama pua.

Sasa kiwandani, siku ya kwanza nilipewa vile vifuniko vya masikio vya kuzuia kelele. Nikavaa. Wiki nzima nikakaa kwa hicho kimya, naona mashine zinaenda na kurudi na sisikii kitu. Halafu siku moja nikavitoa kidogo nijikune.

Wueh.

Wakuu, zile mashine zilikuwa zinaimba. Zote zinapiga pamoja, na chini yake kuna noti moja ndefu inavuma tu, haiishi. Kwa wale mnajua solfa, nikaiita doh, noti ya msingi. Nikatafuta alto yake, nikaipata. Sauti yangu ikaingia pale ndani ikapotea kabisa, sikujua tena mashine inaishia wapi na mimi naanzia wapi. Vumbi la pamba lilikuwa linaelea kwa jua la dirishani, polepole. Nilisahau miguu inauma.

Tangu hapo nikawa na tabia. Supervisor akipita, vifuniko viko kwa masikio. Akipinda kona, viko shingoni na mimi naimba. Miaka tisa.

Msiniulize kama nilijua ni hatari. Kulikuwa na picha kubwa ya sikio ukutani, nilikuwa naipita kila asubuhi.

Sasa mwaka jana kanisa letu likawa linafungua jengo jipya. Mwalimu wa kwaya ni mzee mpole lakini kwa noti hana mchezo. Akatunga wimbo unaanza na alto mmoja peke yake, mistari miwili bila kinanda, halafu wengine wanaingia. Hiyo mistari akanipa mimi.

Nilienda nyumbani nikamwambia Baba Shiku, bwanangu, kwamba hata nikifa baada ya hiyo siku ni sawa. Akaniambia niache ujinga nipike.

Mazoezi yakaanza, Jumamosi mchana. Naimba mistari yangu, kwaya yote inaingia na kinanda, mwalimu anasimamisha. Tena. Tena. Akasema kuna mtu anashuka chini ya noti. Akaimbisha soprano, wako sawa. Tenor sawa, bass sawa. Akaanza alto mmoja mmoja, vile walimu wa kwaya hufanya, na mnajua vile hiyo kitu hushusha mtu. Mimi nilikuwa hapo nawaonea wenzangu huruma.

Ikafika zamu yangu. Nikaimba. Watu wakaangalia chini.

Mwalimu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuja karibu akaniuliza polepole, "Mama Alto, hiyo key unaitoa wapi?"

Nilitaka kumwambia si ndiyo hii, kwani hamsikii? Hapo ndipo nilielewa kwamba wao hawasikii. Ile noti ya mashine ilikuwa na mimi ndani ya kanisa, na kiwanda kiko Thika.

Nikaenda kupimwa masikio. Wanakuweka kwa kachumba kadogo, mlango mzito, kuta zina sponji, unavaa headphones na unapewa kitufe. Ukisikia sauti, unafinya. Nikakaa. Kukanyamaza, hadi nikasikia nguo zangu nikipumua. Halafu ikaanza, noti yangu, mbali, tamu. Nikafinya. Nikafinya tena. Nilikuwa nafurahi, wakuu, nafikiri napita mtihani.

Daktari akafungua mlango, mama wa rika langu. Akasema, "Mama, bado sijaweka sauti yoyote."

Nililia hapo hapo. Sikuona haya.

Alinieleza kwamba sauti za juu zimeenda na hazitarudi. Huo mlio ni wa ndani ya sikio lenyewe. Nikiendelea kukaa kwa kelele, hata sauti za kati zitaenda. Za kati ndiyo alto. Nikamuuliza kama nitaweza kuimba, akasema yeye hupima kusikia tu.

Wiki tatu sikuenda mazoezi. Nilikuwa nakaa nje kwa stuli, najiuliza sasa mtu akitaka kujua mimi ni nani nitamwambia nini. Mama Shiku? Mfanyakazi wa kiwanda? Zote ni kweli, lakini zilikuwa kama anatajwa mtu mwingine. Niliogopa sana.

Jumamosi ya nne akaja Wairimu, yule tunasimama naye kwaya. Hakunihubiria. Alichukua mkono wangu akauweka mgongoni mwake, kati ya mabega, akaimba mistari yangu hapo jikoni. Nikaisikia na kiganja. Noti kamili, inatetemeka kwa mfupa. Ile ya mashine haikuenda, lakini sasa nilijua ipi ni ya watu na ipi ni yangu peke yangu.

Siku ya kufungua kanisa, Wairimu ndiye aliimba hiyo mistari miwili. Mimi nilikuwa nyuma yake, mkono mgongoni, nikaingia na wengine. Ilinichoma, siwezi danganya.

Halafu soprano wakapanda juu kabisa na mimi sikusikia kitu. Niliona tu midomo imefunguka, na watu wa viti vya mbele wanafuta machozi. Nikashikilia alto yangu chini ya kitu sisikii, nikiamini kiko.

Siku hizi kazini nimehamishiwa kukunja vitambaa, kwa kimya. Somo langu ni moja. Kama unafanya kazi kwa kelele, posho mill ya kusaga unga, welding, u-DJ, funika masikio, na zaidi kama hiyo kelele inakufurahisha. Hiyo ndiyo ilinimaliza.

Sasa niambieni, sauti gani wewe ikichukuliwa hutajijua tena? Na kama kuna mwanakwaya hapa amepitia hii, aseme amefanyaje, nataka kujifunza.

Nitawajibu jioni. Saa hii naenda mazoezi.