Majibu Niliyomfundisha Binti Yangu

Mimi ni seremala wa Nzuguni, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba kule Kibakwe, mahali ilipoishia shule yangu yote. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilikosa nafasi ya sekondari kwa sababu zamani nafasi zilikuwa chache. Watu hunihurumia, nami huwaacha wanihurumie. Ukweli ni kwamba nilifeli, na somo lililonibwaga chini ni Kiingereza.

Ndiyo maana binti yangu alipoingia darasa la saba niliapa kwamba yaliyonipata mimi hayatampata yeye. Nilitangaza nyumbani kwamba Kiingereza nitamsimamia mwenyewe. Mke wangu akauliza nitasimamiaje lugha nisiyoijua. Nikamwambia asinikatishe tamaa, kusimamia ni kusimamia tu.

Nilikwenda kwenye duka la fotokopi, nikaomba mitihani ya nyuma. Wakanipa mafungu mawili yaliyobanwa pini: moja la maswali, jingine la majibu. Lile la majibu lilinifurahisha sana. Lilikuwa na namba na herufi tu, A mpaka E, na herufi nazijua vizuri.

Kila jioni binti yangu akitoka shule alikaa kwenye benchi la karakana yangu na maswali yake. Mimi nilisimama mbele yake na majibu, penseli imekaa nyuma ya sikio. Yeye anasoma neno, anatafuta kisawe chake au kinyume chake, anataja herufi. Mimi naangalia karatasi. Akipata, naweka tiki kubwa. Akikosa, naguna kama nilivyoona walimu wakiguna, kisha namtajia herufi ya karatasi.

Siku ya kwanza aliguniwa karibu kila swali. Kwenye namba ya saba akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, nadhani hapa jibu ni B."

"Hapa wameandika D."

"Lakini baba, mwalimu wetu alisema..."

"Haya yameandikwa na wasomi! Wewe ni nani wa kubishana na wasomi? Acha kiburi, rudia."

Akasema samahani baba, akarudia. Hakubisha tena. Na alivyokuwa mwepesi! Ndani ya wiki mbili alikuwa akipata maswali yote, mpaka nikawaambia mafundi wenzangu kwamba kumbe ualimu ni kipaji, mtu anazaliwa nacho. Shule walimfundisha miaka saba, mimi nimemnyoosha kwa siku kumi na nne. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, tena mbele za watu.

Ubaya ni kwamba na mimi nilianza kujifunza. Nilimwomba anisomee maneno yenyewe, niliyoyapenda nikayaandika kwa penseli kwenye mlango wa karakana. Aliniambia generous ni mtu mkarimu. Herufi ya karatasi yangu ikaangukia greedy, kwamba ndiyo kisawe chake. Nikalipenda neno hilo, fupi, halivunji ulimi. Nikalitunza nikisubiri mtu wa kulistahili.

Mtu huyo alikuja siku mbili baada ya mtihani wa taifa. Alikuwa mhadhiri wa chuo kule Chimwaga, amefuata kabati lake la vitabu. Alilipenda kabati hilo mpaka akatununulia soda karakana nzima. Nikajifuta vumbi, nikampa mkono, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Thank you, sir. You are very greedy."

Alinitazama, akaitazama soda mkononi mwangu, akacheka mpaka akashika kabati. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nimemwita mlafi. Nikakataa. Nikamletea ushahidi, mafungu yangu mawili. Akayafunua, akalinganisha, kicheko kikamwisha.

"Fundi, haya ni majibu ya mtihani mwingine kabisa. Hayahusiani na maswali haya."

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Nilikuwa nimemharibia mtoto wangu mtihani, tena kwa bidii, kila jioni, kwa tiki kubwa. Laiti ningekuwa baba mlevi asiyejua mwanawe yuko darasa la ngapi, angekuwa salama zaidi. Wiki za kusubiri matokeo sikuweza kumwambia. Badala yake nilimtengenezea meza ya kusomea ya mninga, nikaipiga msasa mara tatu, na kila aliponishukuru nilitoka nje.

Matokeo yakatoka. Kiingereza, A.

Naona haya kusema, lakini kwa dakika nzima niliamini kwamba mhadhiri ndiye hajui Kiingereza. Halafu akili ikanirudia, nikamwita binti yangu karakanani.

"Mwanangu, yale majibu niliyokufundisha hayakuwa ya maswali yale."

"Najua, baba."

"Umejua lini?"

"Siku ile ya kwanza."

Nikamuuliza sasa ilikuwaje jioni akawa anapata yote. Akaangalia miguu yake. Akasema majibu ya kweli alisoma shuleni na wenzake, ya kwangu aliyaandika kila nilipomtajia, akayakariri njiani akirudi nyumbani, kwa sababu nilikuwa nafurahi sana nikiweka tiki.

"Yapi yalikusumbua zaidi?"

"Ya kwako, baba. Ya mtihani ukielewa neno umemaliza. Ya kwako hayakuwa na maana, ilibidi niyashike yote kichwani."

Baba yangu hakuwahi kumwomba mtoto msamaha, na mimi sikuwahi kusikia inavyosemwa. Nilisema tu, "Nisamehe, mama," maranda ya mbao yamenijaa kwenye nywele, na sisi wote wawili hatukujua tutazame wapi.