Koili ya Kushoto

Watu wakiniuliza nakwenda wapi kila Jumanne ya kwanza ya mwezi nikawaambia nakwenda kwenye kamati ya koili, hunitazama kwa huruma. Jirani yangu hapa Frere Town aliwahi kuniuliza kama kamati hiyo angalau ina chai. Chai ipo, na mahamri yapo, na mabishano ya asubuhi nzima juu ya neno moja yapo pia. Sisi ndio tunaoandika viwango. Mtu akitaka kukuuzia mashine ya baridi na kukuapia kwamba inatoa joto kiasi fulani, sisi ndio tunaosema alipime vipi hilo joto kabla hajafungua mdomo. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa friji katika chuo kimoja cha Kisauni, na kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kamati hiyo. Nilikuwa, nasema, na nitaeleza nilivyoacha.

Koili, kwa asiyeijua, ni yale mabomba yaliyokunjwakunjwa nyuma ya mashine ya baridi na kuvalishwa vibati vyembamba vya alumini. Mafundi tunaviita mapezi. Joto lililotolewa kwa samaki ndani ya chumba hupita humo, feni ikalipuliza nje. Mapezi yakiwa mazima, joto hutoka. Yakiliwa na chumvi, joto hukwama, mashine inahema, na samaki wa watu wanaoza. Kila fundi wa pwani anajua kwamba koili inayotazama bahari haimalizi umri wake. Lakini kwenye kamati kujua hakutoshi, lazima uonyeshe kwa vipimo.

Na mimi nilitaka kuonyesha. Kwenye rasimu yetu kulikuwa na kifungu kimoja nilichokipigania mpaka wenzangu wakanichoka: kwamba koili itakayouzwa pwani ijaribiwe pia kwa hewa ya chumvi, isijaribiwe kwa hewa safi ya maabara peke yake. Aliyenipinga zaidi alikuwa mjumbe mmoja muuzaji wa mashine, mtu mtanashati, mwandiko wake mzuri na maneno yake matamu. Kila nikisema chumvi, yeye husema, "Dada yangu, tuletee vipimo." Wallahi, alikuwa akinipandisha presha.

Basi nikaomba ghala moja la samaki kule Likoni. Walikuwa wamenunua mashine mbili mpya za namna moja, zikafungwa ukuta wa nyuma, ubavu kwa ubavu, zote zinatazama baharini. Nikapatana na meneja: koili ya kulia ioshwe kila Ijumaa kwa maji, ya kushoto isiguswe hata kwa kidole. Mimi nitakuja kila Jumatano kuchukua vipimo, hewa inaingia na joto gani, inatoka na joto gani. Kama chumvi inakula, basi baada ya miezi michache ya kushoto itaanza kushindwa na dunia nzima itaona.

Haikushindwa. Mwezi wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tano sawa. Kila Jumatano navuka feri na mkoba wangu wa vipimajoto, narudi Kisauni na karatasi zinazonisuta. Nilipozisoma kwenye kikao, yule muuzaji alitabasamu tu akamimina chai. Mwenyekiti wetu ni mhandisi mstaafu, mtu wa bara aliyekaa Chaani miaka mingi mpaka akaanza kula wali wa nazi kuliko sisi, mkali wa nukta na mkato. Alisema kwa upole kwamba kikao kijacho kifungu kitaondolewa, maana vipimo vimeshasema. Niliumia. Mikono yangu imefungua mapezi yaliyogeuka unga mweupe, nimeyashika mwenyewe, halafu naambiwa ni ndoto.

Wiki iliyofuata nilikuwa na mitihani chuoni, Jumatano ikanipita, nikaenda Likoni siku ya Ijumaa asubuhi. Nikazunguka nyuma ya ghala. Nikamkuta mama mmoja wa makamo yaliyokwisha kupita, leso kiunoni, mabuti ya mpira miguuni, ameshika mpira wa maji. Koili ya kulia inadondoka maji, ameshaimaliza. Sasa alikuwa akiikogesha ya kushoto, taratibu, bismillah mdomoni.

Mimi nina ulimi mkali, wanaonijua wanajua. Sikumwamkia. Mtu mzima kuliko mamangu, sikumwamkia. Nilipiga ukelele: "We mama! Umeniharibia kazi ya miezi mitano! Nani kakutuma kugusa hiyo?"

Alifunga mpira kwanza, akaukunja kwa mpango wake, ndipo akanitazama.

"Nimeambiwa nioshe ya kulia," akasema. "Hakuna aliyeniambia ya kushoto ina makosa gani. Zimekuja siku moja, zimekaa pamoja. Hii naiosha, ile naiona inaota weupe nasema nini? Nimeiosha tangu siku ya kwanza, mwanangu. Kila Ijumaa."

Nilikaa juu ya kreti tupu. Kwanza nilitaka kulia kwa hasira, halafu nikaanza kuhesabu watu. Nilikuwa nimemwambia meneja, meneja akawaambia mafundi wa mashine, mafundi wakamwambia bawabu asiruhusu mtu kupita nyuma. Mtu wa pekee ambaye mkono wake ungeigusa ile koili, hakuna aliyekumbuka kumweleza kwa nini ya kushoto iachwe. Na mimi, mwalimu mzima, niliandika kwenye mpango wa jaribio "ya kulia itaoshwa," nisijiulize itaoshwa na nani. Nikasimama, nikamwambia shikamoo, nikamwomba radhi. Akaitika marahaba, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza kama nimekula.

Sasa sheria moja ya kamati yetu ni hii: jaribio likiharibika, kumbukumbu lazima ziseme limeharibika vipi na nani amefanya. Si kwa ubaya, ni ili atakayesoma baada yetu aelewe. Halafu kumbukumbu hupelekwa pale jaribio lilipofanyika. Yule mama alikuwa kibarua. Meneja wa ghala lile alikuwa mtu wa kuachisha vibarua kwa kuchelewa feri, sembuse kwa kumwaibisha mbele ya kamati. Nilivuka maji nikirudi nyumbani na jambo hilo moja tu kichwani.

Jumanne ya kikao ilipofika, nikasema mbele ya wajumbe: vipimo vyote ni batili, koili zote mbili zilikuwa zikioshwa. Muuzaji akaweka kikombe chini.

"Zilioshwa na nani?" akauliza mwenyekiti.

"Na mimi," nikasema.

"Wewe katibu?"

"Mimi. Nilighafilika."

Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba katibu alikiri kuosha koili zote mbili kwa kughafilika. Walinicheka kidogo, wakakubali jaribio lianze upya, na kifungu kikasalimika mpaka hapo. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nilijiona mtu mwema sana, nimemwokoa mama wa watu na riziki yake, na hata hajui.

Alijua. Kumbukumbu zilifika ghalani, zikabandikwa ubaoni karibu na mahali wanapokunywa chai, na yeye ni msomaji. Nilipokwenda Jumatano ya wiki iliyofuata nilimkuta amesimama mlangoni na karatasi mkononi, ameibandua.

"Shikamoo mama."

Hakuitika. Kwetu sisi mtu mzima asipokuitikia shikamoo, ardhi inakuwa moto.

"Nitaitika nikishasema langu," akasema. "Wewe ndiye uliyeosha?"

Nikaanza kueleza. Akanikata.

"Kama ni wewe, hebu nionyeshe mfereji wa kufungulia maji uko wapi."

Nikageuka huku na huku. Nimekuja pale miezi mitano, jamani, na mfereji siujui. Uko nyuma ya tangi, anaufikia kwa kuinama.

"Miaka ishirini na mbili," akasema. "Sakafu, makreti, mizani, kuta. Sijaona karatasi hata moja iliyosema fulani ameosha. Hii ndiyo ya kwanza kutoka. Na wewe umetia jina lako."

"Mama, nilikuwa nakukinga. Watakuachisha kazi."

"Nilikuomba?"

Nikaitazama ile karatasi mkononi mwake.

"Wakiniachisha, waniachishe kwa jina langu," akasema. "Nina watoto wamesomeshwa na kazi hii. Siyo kazi ya kuonewa aibu."

Nilimwambia nisamehe, na safari hii sikuongeza neno, kwa sababu kila neno lililokuja mdomoni lilikuwa la kujitetea. Kisha akasema, "Marahaba," akaenda zake kubandika karatasi mahali pake.

Kikao kilichofuata kilifanyika Likoni, kwenye chumba cha juu cha ghala, maana wajumbe walitaka kuziona hizo koili kwa macho yao kabla jaribio halijaanza tena. Meneja naye alikaa nasi. Jambo la kwanza katika kila kikao ni kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Mwenyekiti huuliza kama kuna marekebisho, watu husema hakuna, tunaendelea. Siku ile nilinyoosha mkono.

"Kuna marekebisho. Palipoandikwa kwamba katibu aliosha koili si kweli. Sikuosha mimi. Ameosha mama anayefanya kazi hapa, na hakukosea, kwa sababu mimi sikumwambia. Anataka jina lake liandikwe."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Katibu anaiambia kamati kwamba aliongopa?"

"Ndiyo."

Akaipangusa kwa pindo la shati. "Basi kalamu hiyo huwezi kuendelea kuishika," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi kuliko angenifokea. Akatazama aliyekaa karibu nami. Alikuwa yule muuzaji. Nikamsogezea kalamu na kitabu, akavipokea kwa mikono miwili wala hakutabasamu. Nitamshukuru kwa hilo mpaka nife.

Wakamwita mama. Aliacha mabuti mlangoni, akaingia miguu mitupu, leso bado ina matone. Mwenyekiti akainuka kumpokea, akamwekea kiti, akamuuliza kwa adabu alikuwa akioshaje.

"Kwa maji ya mfereji," akasema. "Ya kisima hapana, yana chumvi, utakuwa unaitia kile unachokitoa. Na mpira naupitisha kwa ndani, maji yatoke nje. Ukipiga kwa nje unazidi kushindilia uchafu. Na usipige kwa nguvu, vile vibati vinalala."

Wajumbe walitazamana. Rasimu yetu ina kurasa nyingi, na hakuna hata moja iliyosema maji yapite upande gani.

"Tuna kifungu cha kuosha?" mwenyekiti akauliza.

"Hatuna," nikajibu, kwa mazoea ya ukatibu.

"Kiandikwe."

Kisha akamgeukia meneja. "Jaribio linaanza upya, mwaka mzima. Ya kulia huyu mama ataiosha kama alivyoeleza, na ya kushoto yeye ndiye atakayetulindia isiguswe. Bila yeye hakuna jaribio. Atakuwepo?"

Meneja alitazama meza. Alimtazama mama, akatazama meza tena. Mama hakumtazama yeye, alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anangoja kama mtu yeyote mwenye haki ya kungoja jibu.

"Atakuwepo," meneja akasema.

"Iandikwe kwamba meneja amesema atakuwepo. Sasa, mama, jina lako kamili."

Akalitaja. Lake kwanza, akasubiri kalamu itulie. Kisha la baba yake, akasubiri. Kisha la babu yake. Halafu akainuka, akazunguka meza, akainama juu ya bega la muuzaji, akasoma kwa kidole.

"La babu lina herufi moja imepungua," akasema.

"Samahani mama," akasema muuzaji, akaanza kulirekebisha kwa ule mwandiko wake mzuri, polepole, na mama hakubanduka begani pake.

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, mimi mwalimu mzima, mbele ya wahandisi, na kwikwi juu. Mama akageuza kichwa, kidole bado kiko kwenye karatasi.

"Hebu nyamaza kidogo, mwanangu," akaniambia. "Mwenzio anaandika."