Mfereji wa Siku Moja

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nilichokiona ni siri ya serikali, au ni jambo la nyumbani kwetu tu?

Lilianzishwa na filamu. Nilikuwa nimemtembelea rafiki yangu wa chuo, aliyepanga chumba mjini Kisii, tukaitazama kwenye kompyuta yake. Ilikuwa hadithi ya kweli ya mtumishi wa serikali ya nchi ya mbali aliyefichua maovu ya wakubwa wake. Alijifungia hotelini, akaziba madirisha, kisha akapanda ndege kwenda ng'ambo. Rafiki yangu alisinzia katikati. Alipoamka alinikuta nimeifunika kamera ya simu yangu kwa plasta.

Ikabidi nimweleze. Nilikuwa mwanagenzi katika ofisi ya maji, kazi yangu kupiga picha. Tulizindua mfereji wa bomba kijijini, maji yakatoka, akina mama wakaimba, nikawaambia watabasamu. Nilipopita huko tena, mfereji ulikuwa mkavu. Paipu haikwenda mbali. Iliishia kwenye tenki lililofichwa migombani, ambalo bauza, lile lori la maji, lililijaza kwa ajili ya sherehe tu. Sasa uzinduzi mwingine ulikuwa njiani, katika kijiji cha jirani, na mimi ndiye niliyepangiwa kuurusha mubashara kwenye ukurasa wa ofisi.

"Fichua basi," alisema. "Lakini wewe ukijifungia hotelini, mamako atapiga simu kuuliza kama umekula."

Nilicheka kidogo. Mkubwa wa ofisi ile ni ndugu mdogo wa baba yangu, na kwetu huyo ni tata, baba kamili. Ndiye aliyeniingiza kazini. Shamba lake la chai limepakana na letu, wachumaji wetu husalimiana mpakani. Na kuna chinsoni, ile heshima kati ya mzazi na mwana, ambayo hainiruhusu kumkosoa usoni. Kila njia niliyoiwaza niliifuata hadi mwisho, na mwisho wake ulikuwa mlangoni kwetu. Nikienda kwa waandishi wa habari, atajua ni mimi. Nikiacha kazi, mama ataulizwa kwa nini. Nikinyamaza, nitawaambia akina mama wengine watabasamu.

Kwa bibi yangu, aliyemzaa tata, mambo ni mengine. Mjukuu humwambia bibi chochote. Nikaenda kwake, upande wa Ikonge.

"Mume wangu, umekonda," alinitania. "Msichana amekukataa?"

Nikamweleza yote huku akimenya ndizi. Alisema nimwachie, huyo ni mwanawe. Nilishusha pumzi. Kwetu neno zito hupitishwa hivyo, na nilidhani limekwisha.

Jumapili, baada ya kanisa, alimwita tata. Nilipofika jioni, bibi alikuwa anang'aa.

"Tumeelewana. Mfereji wangu utawekwa hapa, karibu na jiko."

Nikamuuliza kama utatoa maji.

"Kwani mfereji hutoa nini? Chai?"

Tata naye hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Asubuhi ya uzinduzi alinikabidhi simu ya ofisi, akanishika bega, akaniambia kwa upole nisibanduke mbele ya mfereji.

Wageni walikuwa wamekaa chini ya hema. Mama mmoja alikuwa tayari amekinga ndoo yake, amebeba mtoto mgongoni. Nikaanza kurusha. Tata alikata utepe, akafungua mfereji, watu wakapiga makofi. Nilitazama paipu ikipotea kwenye nyasi, nikawaza kwamba sikuhitaji kumwambia tata neno lolote.

Nikaigeuza simu kutoka kwenye mfereji, nikaanza kuifuata paipu. Nyuma yangu tata aliniita kwa jina, polepole, kama anayemwita mtoto kula. Kisha akaita tena. Sikugeuka. Nilipita kati ya migomba hadi kwenye tenki, ambapo dereva wa bauza alikuwa bado anakunja mpira wake wa maji, nikasimama pale nikiwa nimeishika simu kwa mikono miwili, bado ikirusha.