Kufagia Anga kwa Ajili ya Mgeni

Miaka ile ya mwisho ya wakimbizi wa Burundi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Runazi. Kwa kuwa kipimo cha mvua kilikuwa kimesimikwa kwenye bustani ya shule, nilikuwa pia mtu wa mvua. Kila asubuhi saa tatu nilimimina maji kwenye bilauri yenye mistari na kuandika daftarini. Kazi hiyo haikuwa na heshima yoyote mpaka alipofika mtafiti kutoka Dar es Salaam, dada mwenye kofia pana, akauliza mtu wa mvua ni nani. Kichwa kilinivimba papo hapo.

Alinieleza tukiwa kwenye baraza ya ofisi. Juu kabisa kuna setilaiti inayotuma mwanga wa leza chini. Mwanga ukigonga wingu, vumbi au moshi, kiasi kidogo chake hurudi, na wataalamu wanajua wingu liko wapi na moshi umepanda hadi wapi. Wanakusanya habari hizo ili wabuni chombo kingine, cha kupima upepo kutoka huko huko juu.

“Sasa dada,” nikasema, “kama mnatafuta upepo, moshi wa nini?”

Akanijibu kwa maneno mengi. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa tena. Nilichoelewa ni kwamba siku zilizoandikwa kwenye karatasi yake, saa saba na nusu mchana, nisimame uwanjani niandike mawingu ya aina gani, utando wa moshi ukoje, na kama vilima vya upande wa Nyamigogo vinaonekana. Akaniachia karatasi na kalamu tatu, akaondoka.

Basi mimi nikafikiri kama nilivyolelewa. Kwetu mgeni akitarajiwa, ua unafagiwa tangu alfajiri. Mwanga unatoka mbinguni kuja kututazama, utukute tumejaa moshi? Ilikuwa Septemba, watu wameshafyeka vichaka wakisubiri kuchoma. Siku tatu kabla ya tarehe ya kwanza kwenye karatasi, Jumatano, nikapita nyumba kwa nyumba kuomba mtu yeyote asiwashe moto shambani mpaka siku hiyo ipite. Wasukuma wenye ng'ombe ng'ambo ya mto walinicheka wakawasha majani yao kama kawaida. Na upande wa Ngara kulikuwa na kambi nzima ya watu wanaopika kwa kuni asubuhi na jioni, ambayo hata ningekuwa na mdomo wa chuma nisingeizima. Haya yote niliyaona. Hadi leo sielewi kwa nini hayakunizuia.

Aliyenitii ni shangazi yangu.

Shangazi, dada wa baba, alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Mume huyo alikuwa Mrundi aliyehamia kwetu zamani, kabla ya vita, na ndugu yake pekee aliyebaki duniani alikuwa dada yake, mkimbizi katika ile kambi. Kwa desturi ya ukoo wetu, matanga ya mume humalizwa kwa pombe ya ulezi uliolimwa na mjane mwenyewe, wala si wa kuombwa, na wa kwanza kuinywa ni ndugu wa marehemu. Mpaka hapo mjane hafungui kitambaa cha msiba. Tangazo lilikuwa limeshatoka kwamba kambi itafungwa na watu watarudishwa kwao kabla ya masika. Ulezi ukipandwa Septemba, ungevunwa kabla ya malori kuja kuwachukua. Shangazi alikuwa amehesabu kila kitu.

Ulezi wetu hupandwa penye majivu. Kichaka chake kilikuwa kimekauka kabisa, angekichoma Jumatatu.

“Siku ngapi?” akaniuliza kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani.

“Tatu tu, shangazi.”

“Mvua ikitangulia moto, nitafanyaje?”

“Mimi ndiye mtu wa mvua,” nikasema. “Haiji wiki hii.”

Nilisema hivyo kweli. Natamani ningekuwa nimelewa, ningepata kisingizio.

Ilinyesha Jumanne mchana, ikanyesha Jumatano, ikaendelea karibu wiki tatu. Saa saba na nusu ya siku ya mgeni nilisimama uwanjani nimelowa chapachapa, wingu zito limefunika kila kitu. Niliandika: wingu zima, vilima havionekani. Kichaka cha shangazi kilioza pale pale kilipolala. Alijaribu kukiwasha mara mbili kwa mafuta ya taa, kikatoa moshi tu, na msimu ule hakupanda ulezi.

Mtafiti aliporudi nilimweleza kwa fahari kidogo kwamba angalau tulijitahidi kusafisha anga.

“Mwalimu, nani alikwambia uzime moto?”

“Hakuna.”

Akanieleza tena, polepole. Upepo wenyewe hauonekani. Chombo kitakachobuniwa kitaujua kwa kufuata chembechembe za vumbi na moshi zinazobebwa nao, na hewa ikiwa safi mno, mwanga unaorudi ni hafifu. Walihitaji kujua moshi wetu ulivyo, siku zake zote, bila kuupamba wala kuupunguza. Nilihisi aibu, lakini zaidi nilichanganyikiwa. Maisha yangu yote niliambiwa moshi unaziba macho.

Malori yaliondoka mwezi wa pili, kuelekea mpakani Kabanga. Nilimsindikiza shangazi hadi kambini. Wifi yake alikuwa ameshapanda, ameshikilia godoro na sufuria. Walishikana mikono kupitia ubao wa lori, wakaongea Kirundi ambacho mimi nakisikia nusu. Jina la marehemu nililisikia mara kadhaa. Shangazi alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani.

Mwaka uliofuata alichoma mapema bila kumwuliza mtu, ulezi ukastawi, akapika pombe. Ukoo ulikusanyika. Wazee walianza kunong'onezana nani anywe kwanza, maana barua zilizopelekwa Burundi hazikuwa zimejibiwa. Shangazi alichota kibuyu cha kwanza, akawapita wazee wote, akaja kusimama mbele yangu. Hakuongea Kisubi. Aliongea Kiswahili, lugha aliyoitumia kwa watu wa ofisini.

“Ndugu mwarimu,” akasema, “wewe ndiye uriyezuia moto. Kunywa wewe.”

Nilipokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini, ilikuwa kali na nzuri. Akachukua kibuyu, akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akaenda kuwagawia wengine. Sijui kama siku ile nilifanywa ndugu wa marehemu au nilihukumiwa mbele ya ukoo, na shangazi amekufa bila mimi kuthubutu kumwuliza.