Maua ya Piyaya Hayaliwi

Kilichonitoa Karatu ni picha. Wageni wa hoteli ninakopika walirudi kutoka Ngorongoro simu zao zimejaa maua ya njano, uwanda mzima, nami nikafurahi kijinga. Mdogo wangu Paskalina ameolewa kwa wafugaji huko Piyaya, na tangu kipupwe, kilichopita kikavu bila hata ukungu, alikuwa akilalamika kwamba maziwa ya mtoto yanapungua. Nikajua sasa mvua imewafikia. Nikaomba ruhusa, nikapanda pikapu iliyokuwa ikipeleka unga huko.

Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa mzito na baridi inauma. Tulipoanza kuteremka upande wa pili jua likatoka, na maua yakaanza, njano mpaka macho yanachoka.

"Mwaka huu watakunywa maziwa wayamwage," nikamwambia dereva.

Alinitupia jicho, akarudisha macho barabarani.

Tulipoipita Olduvai nikaelewa kwa nini. Katikati ya maua walilala ng'ombe, mmoja hapa, mwingine kule, ngozi imekaukia mbavuni.

Piyaya, jioni. Shemeji yangu Saitoti na jirani zake wawili walikuwa wamepitisha mti chini ya tumbo la ng'ombe wa madoa, wanamnyanyua asimame. Niliweka mzigo chini nikashika mkia, sikungoja kukaribishwa. Huyo ndiye Keri, ng'ombe pekee aliyebaki na maziwa, na maziwa yenyewe yalikuwa ya Nashipai, binti yao mdogo. Alisimama akitetemeka.

"Lakini shemeji, mbona kumechanua hivi?" nikauliza.

"Haya hayaliwi, ni machungu. Ukame umeua mizizi ya nyasi. Mbegu za maua zenyewe zililala tu chini. Vuli ikanyesha siku mbili, ikaondoka. Ua linatosheka na hiyo, shemeji. Nyasi haitosheki."

Nilitamani ardhi inimeze kwa ile furaha niliyokuja nayo.

Asubuhi Keri hakusimama. Tulimnyanyua, akaanguka, tukamnyanyua tena, miguu ikakataa. Saitoti akammaliza kabla mtoto hajaamka, wakamburuta nje ya boma. Paskalina akamvika Nashipai sweta, akamwambia Keri ameenda malishoni.

"Nenda naye, dada. Kwenu maziwa yako dukani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nyasi."

Aligeuka akaingia ndani, na sikuthubutu kumfuata.

Njiani kurudi tulilipita gari la watalii. Walikuwa wamesimama, vichwa vimetoka juu ya paa, wanapiga picha na kucheka. Sikuwachukia wao. Nilichukia yale maua, na sijawahi kuchukia ua maishani mwangu.

Hapa Karatu sasa mgeni akinionyesha picha, namuuliza kama kulikuwa na nyasi. Wengi hawakumbuki. Nashipai anakunywa maziwa ya pakiti, ananawiri, na sweta limeanza kumbana.

Juzi Paskalina alipiga simu. Mtoto aliinyakua mkononi mwangu, hakumsalimu mama yake wala kumuulizia baba.

"Keri ameshiba?"

Simu ilikuwa kwenye spika, nikamsikia mdogo wangu: "Ameshiba, mama."

"Basi njoo unichukue," Nashipai akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.