Mtangazaji wetu alimsifu shemeji yangu mpaka akamkosesha timu

Wakuu, niaje. Kama una chai, mimina kwanza. Hii sikusimuliwa, nilikuwa hapo na kamera ilikuwa yangu. Asiyeamini, shauri yake.

Mimi naishi Kianda, Kibera. Natengeneza simu, na wikendi narusha mechi za mtaani live mtandaoni. Vifaa ni simu moja, stendi moja, na mtangazaji mmoja anayeitwa Owiti.

Owiti mnafaa kumjua kabla sijaendelea.

Ana ukumbi wa kuonyesha mpira karibu na steji ya Olympic, hapa hapa Kibera, wenye benchi za mbao na skrini kubwa. Pale hutasikia Kizungu. Mechi ya Ulaya ikianza, anazima sauti ya TV, anashika maiki na kutangaza mwenyewe. Anatumia Kiswahili na Sheng, na mambo yakichemka anaingia Kijaluo. Watu hutoka Kawangware kuja kumsikiliza, na kwao kumbi ni tele.

Sauti haizimwi kwa mbwembwe tu. Owiti ana kinyongo na watangazaji wa kule.

Siku moja aliiacha makusudi. "Skizeni hawa wasee," akatuambia. "Huyu wetu mweusi akipiga pasi, wanasema nguvu, mbio, mnyama. Huyu wao akipiga pasi ni hiyo hiyo, eti anasoma game. Kwani wetu hajui kusoma?"

Tukasikiliza. Wakuu, ni kweli. Ukishaonyeshwa mara moja, utaisikia kila wikendi.

Kuna siku mchezaji mmoja mweusi alitukanwa rangi yake uwanjani, akaongea baada ya mechi. Wachambuzi wakasema aache siasa, acheze mpira. Fundi viatu mmoja pale ukumbini akawaunga mkono.

Owiti akamgeukia. "Mtu akikutusi hapo kwa kibanda yako, ukiteta, hiyo ni siasa?"

Ukumbi mzima ukacheka. Fundi viatu pia akacheka, yakaisha.

Kwa hivyo Owiti si mjinga. Wekeni hilo akilini.

Sasa shemeji. Mdogo wake mke wangu anaitwa Wafula, Mluhya, anakaa Kawangware, sehemu inayoitwa 46. Ni mrefu, mweusi tii, kifua kama mlango. Kazi yake ni kubeba mawe mjengo.

Anacheza kiungo, na nguvu zote hizo wala hazitumii uwanjani. Kabla mpira haujamfikia ameshaangalia nyuma ya bega. Ukifika, anagusa, anaachia, umeenda. Mara nyingi hata jasho hana.

Kocha wa timu moja ya ligi za chini, mteja wangu wa simu, alikuwa anatafuta kiungo. Alipanga kuja fainali yetu ya mtaa, 46 ya kina Wafula dhidi ya Soweto West ya hapa Kibera, ila akafiwa. Akasema ataitazama live, yote, bila kuruka.

Nikamwambia Wafula. Akaomba ruhusa kwa fundi wake mjengo, akajibiwa kwamba akienda asirudi. Akaenda.

Mfadhili wa fainali alikuwa mheshimiwa mtarajiwa. Owiti aliagizwa amtaje kwenye spika za uwanja kila mpira unapotoka nje. Alimtaja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo.

Lakini Wafula akigusa mpira, Owiti alifurahi kutoka moyoni.

"Tingatinga hiyo! Watu wa mulembe! Hiyo ni ugali, hiyo ni kuku mzima asubuhi!"

Soweto West walikuwa na kijana mmoja mweupe, mwembamba. Owiti akambatiza Profesa. Profesa alipoteza mipira mpaka nikamhurumia, ila kila akipoteza tuliambiwa alikuwa na wazo zuri. Wafula naye akapiga pasi iliyopita katikati ya mabeki, 46 wakafunga bao la ushindi.

"Nguvu! Nguvu! Huo mguu umebeba simiti!"

Watu wakapasuka kicheko, hata mashabiki wa 46. Huku kwetu kutania kabila la mtu, Waluhya na salamu yao ya mulembe, ugali na kuku, ni kawaida. Mimi ni Mkamba, eti sisi wote ni waganga, na kitu kikipotea kwa ploti lazima mtu aniombe nimwangalie mwizi kwa maji. Nacheka, naendelea na kazi.

Jioni kocha akanipigia.

"Fundi, huyo kijana wako ni mzuri. Lakini watu wa nguvu ninao wa kutosha. Nataka mtu wa kichwa. Huyo Profesa anatoka wapi?"

Niliumia, nisiwadanganye. Shemeji alikuwa amepoteza mjengo, na sasa timu pia. Nilipomweleza mke wangu, aliendelea tu kukata sukuma wiki. Afadhali angenifokea.

Nikajiuliza. Huyu kocha ametazama mechi ileile niliyoirekodi mimi. Ameona nini?

Nikafungua video ya nusu fainali. Siku hiyo 46 walivaa jezi za kijani za kuazima, na kamera ilikuwa mbali, sura hazisomeki. Nikakata vipande vya Wafula. Kisha nikafanya kile Owiti hufanya kila wikendi kwake, nikazima sauti. Nikamtumia kocha, nikaandika tu: mtazame namba sita wa kijani.

Hakukawia kupiga.

"Huyu ulikuwa umemficha wapi? Huyu anaona kabla ya wengine! Hebu mlete mazoezini."

"Kocha," nikamwambia, "huyo ni yule wa nguvu."

Akasema, "Mlete hivyo hivyo."

Wafula alienda, akajaribiwa, akachukuliwa. Mke wangu alilia na kucheka kwa pamoja, nikala chapati wiki nzima.

Wafula mwenyewe nilimuuliza kama siku ya fainali alikuwa anasikia zile spika. "Nilikuwa naskia, shem," akasema. "Nimezoea. Hata kwa mjengo mimi ndio tingatinga."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku kocha alipomkataa.

Nikampelekea Owiti video zote mbili. Akawa mkali. "Nilimtusi wapi? Si nilikuwa namsifu? Wewe unanilinganisha na hao wazungu?"

Sikumlinganisha na mtu. Nilimwachia simu atazame.

Wikendi iliyofuata nilikuwa ukumbini kwake. TV imezimwa sauti, maiki iko mkononi. Mchezaji mmoja mweusi wa Ulaya, mwili mkubwa, akaupokea mpira, akageuka, akatoa pasi ambayo sisi sote hatukuwa tumeiona njia yake. Owiti akavuta pumzi ya kupiga kelele, kisha akabaki hivyo. Watu wakamgeukia, wakidhani maiki imekufa.

"Ameona," akasema polepole. "Huyu jamaa ameona."

Shabiki mmoja wa benchi la nyuma akauliza kwani leo mtangazaji ni mgonjwa.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba sifa nayo inaweza kumfungia mtu mlango, na aliyeufunga akarudi nyumbani akijua ametenda wema. Tusi ungelijibu. Sifa utaijibu vipi?

Wikendi hii zima sauti ya mechi yako kwa muda kidogo, halafu rudi hapa useme uliona nini. Wanaobisha pia karibuni, Owiti mwenyewe husoma huku.

Na unapoandika, tuambie: mtaani kwenu, kabla hujafungua mdomo, wewe huitwa nani?