Siku Jukwaa Lilipong'aa

Hadi leo nikisikia harufu ya poda ya watoto, hugeuka kumtafuta baba. Baba alinukia hivyo, poda usoni na dawa ya kuchua mgongoni, maana kazi yake ilikuwa kuanguka, na anayeanguka ili ale hujichua kila jioni.

Alianzia Nakuru, juu ya malori ya kutangaza sabuni, akijikwaa kwenye ndoo ili watu wasogee. Mama alipopata kazi ya uuguzi Doha tulimfuata, tukapanga nyumba mtaa wa Abu Hamour. Huku baba aliacha kabisa kusema jukwaani. Mbele yake waliketi Wakenya, Wafilipino, Wahindi na Waarabu, na lugha ya kuwatosha wote, alisema, ni mtu mzima kukalia keki. Mama peke yake hakucheka. Mama yangu, niwaambie ukweli, hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Nimeshona vichwa vya kutosha," alikuwa akisema.

Mimi nilipewa sharti moja. "Nikianguka, we kaa hapo hapo," baba aliniambia. "Watu wakijua nimeumia, hawacheki tena." Nami nilijua siri yake: kabla ya kila anguko la kupangwa aligusa kofia.

Mwaka huo vibarua vilikauka. Hoteli moja ilitafuta mchekeshaji wa kudumu, na meneja angemtazama baba kwenye sherehe ya wafanyakazi. Akikosa mkataba, mimi naye tungerudi Nakuru, mama abaki peke yake. Mabegi yalikuwa yameshashushwa kutoka juu ya kabati.

Asubuhi ya sherehe baba alimwaga soda jukwaani akaiacha ikauke. Soda ikikauka hunata, na ngazi ya mchezo wake haitelezi. Kisha akaenda kujipaka poda.

Pazia lilipofunguliwa, jukwaa lilikuwa linang'aa. Kijana wa usafi, Mganda aliyempenda baba kama kaka, alikuwa amekuta unata ule akapiga deki, ndugu yake asije akaaibika mbele ya wakubwa. Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba baba anaingia na ngazi begani na ndoo mkononi, macho juu kwenye puto alilojifanya kulifuata, hatazami chini.

"Mama, pamepigwa deki," nilinong'ona.

"Kaa," alisema. Alinishika mkono.

Baba akapanda. Ngazi ikachomoka chini yake, mkono ukiwa bado haujafika kwenye kofia. Alianguka kwa mgongo, ndoo ikamfuata. Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kicheko kikaanza kupungua. Baba hakusogea. Meneja akainama mbele kwenye kiti.

Nikainuka. Mama akanivuta nikaketi, halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Alicheka. Alicheka kwa sauti, akijipiga mapaja, hadi machozi yakamtoka. Watu wakageuka, wakamcheka yeye, ukumbi wote ukawaka tena. Katikati ya kelele hizo baba alijigeuza taratibu, akatambaa, akavaa ndoo kichwani na kuinama kwa heshima.

Mkataba alipata, pamoja na mbavu zilizovunjika. Yule kijana alikuja kwetu analia. "Nilidhani nakusaidia, mzee." Baba ndiye aliyembembeleza. Mimi nilimnunia mama kwa wiki kadhaa. Mke gani huyo anacheka mumewe akivunjika?

Nilikuwa mtu mzima baba aliponieleza. "Pumzi ilikata. Nikasikia ukumbi unanyamaza, nikajua tumekwisha, tunapanda ndege. Halafu nikamsikia mama yako. Na huyo hachekangi. Nikajua ananipea muda niamke."

Nilimfuata mama jikoni nikamuuliza kama ni kweli. Hakuacha kusonga ugali. "Nilikuwa naangalia kifua chake," alisema. "Kingeacha kupanda na kushuka, ningekimbia, na huo mkataba waende nao."

Nikayakumbuka yale machozi. Hakuna aliyeketi karibu naye kuliko mimi, na nilidhani ni ya kicheko.